Waliposema Marehemu Ameikataa Mashine

Tuku-tuku-tuku-tuku, tuku-tuku, tuku… tuk. Halafu mkanda unapiga pwaa, mara moja tu, na kinafuata kimya. Ndani ya kimya hicho nasikia kitu ambacho mpaka leo hakijanitoka masikioni: punje za mahindi zikiendelea kudondoka kwenye kinu ambacho kimeshasimama. To. To, to. To. Kama vile mahindi yenyewe hayajaambiwa.

Kisha mama mmoja kwenye foleni, sijui kwa nini lazima awepo mmoja kila mara, anasema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka barabarani:

"Eee waitu! Imezimika tena."

Mashine yetu ya kusaga ipo kwenye kibanda cha mabati mbele ya nyumba, kwenye njia ya kutokea Nshamba. Baba aliinunua nikiwa sijaanza shule. Alipofariki, ilibaki mikononi mwa mama, na mama akaniachia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikishinda na baba pale kibandani. Nilisoma mpaka kidato cha pili, sikuendelea. Lakini hendeli naizungusha na ikikubali inawaka. Akina mama walikuwa wakiniangalia mabega wakati nazungusha na kusema mwanaume atakayenioa ajipange, siku ya kwanza ya ugomvi atalala hospitali ya Rubya.

Mimi nilicheka. Nilikuwa nacheka na kila mtu wakati ule. Nilikuwa na mipango yangu: nipake kibanda rangi ya bluu, niweke benchi refu la kukalia wanaosubiri, nifungie redio juu ya mlango, nikaange maandazi pembeni ili mtu akija kusaga mahindi yake asione muda. Nilishachagua mpaka aina ya bluu. Kila jioni nikifagia unga nilikuwa nafagia kwenye kibanda cha bluu, si kile cha mabati yenye kutu.

Sasa, pampu. Nieleze kidogo, maana hasira zangu zote zimeanzia humo. Mashine ya dizeli ya aina ile ina pampu ndogo, unaweza kuifumba kwenye ngumi. Kazi yake ni moja: kuisukuma dizeli kwa nguvu kupitia tundu dogo sana mpaka ndani inakowaka. Ndani ya pampu kuna kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka, kimebana sana kwenye nyumba yake, hata unywele hauna nafasi. Baba alikuwa akinionyesha: "Hapa ndipo moyo. Pengine pote unaweza kupiga nyundo. Hapa, hapana." Kikiingia kitu, hata kidogo, kijiti kinakwaruzika au kinakwama, na mashine inakufa.

Katika maisha yote ya baba pampu ile haikufa. Baada yake ilianza.

Mara ya kwanza tulimwita fundi kutoka Bukoba. Akaja na pikipiki, akafungua, akabadilisha vitu vya ndani, na kabla hajaondoka akachomoa chujio la dizeli lililokuwa chini ya tangi na kuunganisha mpira moja kwa moja. Nikamuuliza. Akasema, "Linabana mafuta, dada. Bila hili itavuta vizuri." Tuliwasha, ikavuta vizuri kweli. Nikamshukuru na kumfungia ndizi za kupeleka nyumbani kwake.

Majuma machache, tuk. Pwaa. To, to.

Akaja tena. Tukashukuru tena. Ikafa tena. Sikumbuki ilikuwa mara ya ngapi ndipo maneno yalipoanza. Kwanza yalikuwa utani. "Binti, mashine yako ina mimba changa? Kila asubuhi kichefuchefu!" Nikajibu, "Ikijifungua nitakuletea mtoto umlee." Tukacheka. Lakini watu wakaanza kubeba magunia yao kupita mbele yetu, kwenda kusaga kwingine, wakinipungia mkono kwa aibu, kama ninayeumwa ugonjwa usiotajwa.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeanza kusema kitu kizito. Nataka nimtendee haki. Ni mtu mwema. Baba alipofariki yeye ndiye aliyesimamia msiba, yeye ndiye aliyetuletea wanaume wa kuezeka jiko. Kazi yake ni kusafirisha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa madumu, na tangu msiba kila akienda Muleba mjini alirudi na dumu la dizeli kwa ajili yetu, ili shemeji yake asihangaike. Hakukosa hata safari moja. Ndiyo maana hasira zangu kwake hazina pa kukaa vizuri. Ukimkasirikia mtu mbaya unapumzika. Ukimkasirikia mtu anayekubebea dizeli mgongoni, unaisikia inakuchoma wewe mwenyewe.

Alikuja jioni moja, akakaa kwenye kigoda, akamwambia mama: "Shemeji, hii mashine haitaki mwanamke."

"Haitaki kivipi?"

"Ilizoea mikono ya mwenyewe. Sasa inashikwa na mtoto wa kike, anaivuka na sketi, anaipigia kelele. Inakataa."

Niliposikia hilo nilicheka kwa nguvu, nikadhani ni utani ule ule. Hawakucheka. Baadaye, mashine ilipozimika tena mbele ya watu waliotoka mbali, maneno yakapanda ngazi. Si mashine tena iliyokataa. Ni mwenye mashine. Marehemu ameikataa. Marehemu hapendi inavyotumika. Marehemu, baba yangu, aliyekuwa akinipakata kwenye kiti cha mbao kibandani na kunipa punje za mahindi ya kuchoma mojamoja kama karanga, eti amekaa huko aliko anatuzimia mashine.

Mimi ningeweza kuvumilia. Mama ndiye aliyeamini.

Nilianza kuona asubuhi. Mama alikuwa akitangulia kibandani kabla yangu, anavua ndala mlangoni kama anayeingia chumba cha mgonjwa, anasimama mbele ya mashine na kuongea nayo kwa Kihaya, taratibu. Siku moja nilisimama nyuma ya mabati nikasikia. Alikuwa akimuuliza baba amemkosea nini. Akataja kitu kimoja baada ya kingine: shamba la kahawa alilolipalilia kwa kuchelewa, shati la baba alilompa mtu mwingine. Hata sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto anayejieleza kwa mwalimu. Akaomba misa. Akaacha kula vizuri. Usiku alikuwa akiamka, naye mtu aliyelala kama gogo maisha yake yote.

Mnajua kufiwa na mtu na kisha mkaambiwa amewageuka? Ni kufiwa mara ya pili, na safari hii hakuna anayekuja kukupa pole.

Baba mdogo akapanga. Mashine ikizima tena, Jumapili baada ya misa atakuja na gari, aichukue, aipeleke kwenye chumba chake pale Nshamba senta, ishikwe na vijana wa kiume. Mama atakuwa analetewa chochote kinachopatikana. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitazama mikono yake tu. Kwetu kunyamaza hivyo mbele ya shemeji kunahesabika kuwa ndiyo.

Wiki hiyo hiyo ikazima.

Niliifungua pampu mwenyewe, nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka kwenye mfuko, nikapanda gari la asubuhi kwenda Bukoba. Njia nzima nilikuwa nimeipakata. Sikuona mashamba, sikuona ziwa, nilikuwa nakusanya maneno.

Fundi alikuwa kwenye karakana yake, mikono imejaa grisi, anakunywa chai.

"Umeniletea mgonjwa wetu!" akasema, anacheka.

"Mgonjwa wako," nikamwambia. "Baba alikuachia akiwa mzima."

"Pampu za siku hizi, dada, hazidumu."

"Hii si ya siku hizi. Imedumu tangu sijajua kusoma."

"Basi ni anayeishika. Baba yako alikuwa mwanaume."

Nikamtazama. Nilikuwa na mambo mengi ya kumjibu, lakini likanitoka swali: "Chujio uliliondoa kwa nini?"

"Si nilikwambia? Lilikuwa linaziba ziba. Nikawaondolea usumbufu."

"Linazibwa na nini?"

"Na uchafu."

"Uchafu gani? Unatoka wapi?"

Akacheka, akawageukia wenzake. "Jamani, huyu dada! Mimi fundi wa pampu, si bwana afya."

Wenzake wakacheka, na mimi nikasikia damu inanipanda mpaka masikioni. Si kwa sababu ya kuchekwa. Ni kwa sababu nilielewa pale pale, nimesimama katikati ya vyuma, kwamba huyu mtu aliona kitu kinaziba, akaona kazi rahisi ni kuondoa kinachozuia. Hakuuliza. Na kila pampu ilipokufa tulimwita yeye, na kila alipokuja nilimfungia ndizi. Mama yangu anaomba radhi kwa kaburi, huku huyu anakula ndizi zetu.

Nilimwambia atengeneze, na nikasimama juu yake mpaka alipomaliza. Chai yake ikapoa, sikujali. Akanipa pampu bila utani. Kisha nikaenda duka la vipuri nikanunua chujio jipya. Sikuwa na hoja yoyote ya kitaalamu. Baba aliliweka pale, basi litarudi pale. Ni ubishi tu.

Nyumbani, kabla ya kufunga, nikaamua nisafishe tangi. Nikalegeza mpira wa chini, nikaimwaga dizeli yote iliyobaki kwenye beseni jeupe la kufulia, mchana, juani. Ikatulia. Nikaona nyuzi.

Zilikuwa nyembamba sana, za rangi ya kahawia, zinaelea zimejikunja. Nilidhani ni nywele. Nikatia kidole, moja ikajiviringisha. Nikaivuta, ikachanika kwa urefu, ikawa mbili. Hapo mkono wangu ukajua kabla kichwa hakijajua. Zile nyuzi ninazijua. Kila mtu wa kwetu anazijua. Ni zile unazozipuliza pembeni kabla ya kunywa lubisi kwenye kibuyu, na iliyobaki unaitema. Ni jani kavu la mgomba.

Nikainuka nikaenda kwenye kona yalikokaa madumu ya dizeli ya baba mdogo.

Kwa asiyejua mambo yetu: dumu la lubisi halifungwi kwa mfuniko. Lubisi ikiwa inachacha inatoa povu na hewa, ukiikaza inapasua dumu. Kwa hiyo mfuniko unatupwa siku ile ile dumu linaponunuliwa, watoto wanaufanya gurudumu la gari la kuchezea, na mdomo wa dumu unazibwa kwa jani kavu la mgomba lililosokotwa. Linazuia nzi, linaruhusu hewa. Kwa lubisi ni sahihi kabisa. Na kwa kuwa dumu ni dumu, hata la dizeli linazibwa vivyo hivyo. Hakuna anayefikiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaona madumu yale kila siku na macho yangu hayakuona kitu, kwa sababu kwetu dumu lenye jani mdomoni ni dumu lililofungwa vizuri.

Nikachomoa kizibo kimoja. Upande wa juu ulikuwa mkavu, mzuri. Upande wa chini, uliokuwa ukirushwarushwa na dizeli kutoka Muleba mpaka kwetu kwenye barabara ile yenye mashimo, ulikuwa umechambuka wote kama brashi ya zamani. Nusu yake haikuwepo. Nusu yake ilikuwa imepita kwenye tangi letu lisilo na chujio, mpaka kwenye moyo wa mashine. Mara ile ya kwanza, kabla fundi hajaliondoa, bila shaka ni chujio lililokuwa limeziba.

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Sikufurahi. Mtu angedhani nilifurahi. Niliona uso wa mama akitaja lile shati.

Nikabeba beseni kichwani mpaka kwa baba mdogo. Nilimkuta uani na wanaume wenzake, wanaonja lubisi mpya. Nikaweka beseni chini, nikapiga magoti, nikamwamkia, maana kwetu binti hamwamkii baba yake akiwa wima, hata kama anatamani kumrushia beseni.

"Baba, tazama. Hiki ndicho kinachoua pampu. Ni vizibo vya madumu yako."

Akainama, akanusa, akawatazama wenzake. "Mnaona? Wamesomeshwa." Wakacheka. "Babu yako aliziba madumu kwa nini? Kwa kizibo cha dhahabu?"

"Babu hakuwa na mashine ya dizeli, baba."

"Mimi nimekunywa lubisi yenye majani miaka yote. Nimekufa?"

"Wewe una koo, baba. Pampu ina tundu dogo kuliko la sindano."

Mzee mmoja akapiga paja kwa kicheko. "Kakuambia una koo!" Nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu. Baba mdogo aliacha kutabasamu.

"Jumapili nakuja na gari," akasema. "Mwambie shemeji. Mambo ya marehemu hayatazamwi kwenye beseni."

Nikashukuru, nikainuka, nikabeba beseni langu. Njiani nililia kwa hasira, dizeli inanichuruzikia shingoni.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Nikamwekea beseni mbele, nikamwonyesha nyuzi, nikamwonyesha kizibo kilichochambuka, nikakiingiza na kukitoa kwenye mdomo wa dumu ili aone kinavyoacha manyoya. Alichukua uzi mmoja, akaunyoosha juu ya ukucha wake, akauangalia muda mrefu, kisu bado kipo mkono mwingine.

"Kwa hiyo si yeye," akasema.

"Si yeye, Maawe."

"Hajakasirika."

"Hajakasirika. Hayumo kabisa humu. Ni jani."

Akaweka kisu chini. Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha akanipa maganda nikawape mbuzi.

Nilifunga chujio, nikafunga pampu, nikatoa hewa kwenye mipira mpaka dizeli ikaja bila mapovu. Dizeli nyingine nilikwenda kuinunua mwenyewe Nshamba kwenye galoni lenye mfuniko wake, na nilipoimimina niliichuja kwa kitambaa. Ikawaka. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka Jumapili.

Gari lilipofika, likiwa na wanaume nyuma na kamba za kufungia, mashine ilikuwa inaunguruma na akina mama wanasubiri zamu, ingawa ilikuwa Jumapili. Baba mdogo akashuka. Mama akatoka nje akiwa amefunga kanga kiunoni, akasimama mlangoni mwa kibanda. Hakupiga magoti.

"Karibu shemeji," akasema. "Ndizi zimeiva na maharage yapo. Mtakula wote. Mashine haiendi popote."

"Shemeji, tulikubaliana…"

"Mimi nilinyamaza. Leo nasema."

Watu wote walikuwa wanasikiliza, hata waliokuwa wanajifanya kutazama unga wao. Baba mdogo aliitazama mashine, akaisikiliza, kichwa kimeinama upande. Kisha akapiga makofi mara moja na uso wake wote ukafunguka.

"Si niliwaambia!" akawageukia wanaume wa kwenye gari. "Nilimwombea kaka misa kule Kashozi. Amesikia. Ametulia!"

Wakashangilia. Wakashusha madumu ya lubisi waliyokuwa wanayapeleka kwingine, wakaketi, wakala, wakanywa kwa furaha ya kweli, na baba mdogo akanishika kichwa akisema mimi ni mtoto wa kiume aliyekosea mlango. Mashine ilibaki kwetu. Ipo mpaka leo.

Lakini hakuna aliyemwambia mama pole. Hakuna aliyesema, tulimsingizia marehemu, shemeji, tulikunyima usingizi bure. Walilifunika jambo lile kwa neno "ametulia," wakaendelea kula ndizi. Mama aliwahudumia. Alikuwa anatabasamu, na nilijua amewasamehe hata kabla hawajanawa. Mimi sikuweza. Nilikaa kibandani na kusaga mahindi ambayo hayakuwa na haraka yoyote, ili nisisikie vicheko vyao.

Walipoondoka jioni waliacha madumu yametapakaa uani, ya lubisi pamoja na matupu ya dizeli yaliyokuwa garini, kesho mtu angekuja kuyachukua. Mama alikwenda kulala mapema. Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli iliyochakaa na wembe, nikakaa nyuma ya nyumba. Nilikuwa nanusa dumu mojamoja. Yaliyonuka lubisi niliyasuuza, nikayasokotea majani mapya ya mgomba, makavu, safi, kwa sababu lubisi lazima ipumue. Yaliyonuka dizeli niliyakatia kipande cha mpira, nikakilaza juu ya mdomo na kukifunga kwa ukanda wa mpira ule ule, nikazungusha na kuvuta, nikazungusha na kuvuta, mpaka vidole vikawa vyeupe. Nilikaza kuliko inavyohitajika. Atakayefungua ataumia kucha.